Mzabibu na Barua ya Uhamisho

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha baada ya shule. Wenzangu waliotangulia wameeleza habari za kazi zao, na wameeleza vizuri. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kazi yangu ni mafaili, na habari za mafaili zingewalaza usingizi kabla ya chakula. Kwa hiyo nitasema juu ya mambo mawili niyajuayo zaidi: kuhamahama, na divai. Naona Mkuu wa Shule ameinua kichwa. Asiwe na wasiwasi. Wanafunzi wanajua kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 hauziwi kileo, nami sikuja kuwapa ruhusa ambayo sisi wenyewe hatukupewa.

Baba yangu alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 angali kijana, akarudi salama, nami nikazaliwa Tabora mwaka 1980. Tangu hapo hatukukaa. Tulikwenda Nachingwea, tukaenda Monduli, tukaenda Dodoma. Nilisoma shule za msingi nne. Mliokulia kambini mnajua mambo yanavyokuwa. Barua inakuja, mama anakunja magodoro, lori linafika alfajiri, na kabla ya saa sita watoto uliokula nao sahani moja wamebaki nyuma ya vumbi. Mama alikuwa na sanduku moja ambalo hakulifungua katika kota yoyote. Ndani yake mlikuwa na sahani za udongo alizopewa siku ya harusi. Tukimwuliza, alisema zitatoka tutakapofika nyumbani.

Baba, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kupanda. Kila kota aliyopewa aliizungushia mipapai na migomba. Mapapai yetu ya Nachingwea yaliliwa na watoto wa koplo aliyetufuata, na sisi tulipofika Monduli tulikuta maharage ya mtu mwingine yamekomaa, tukayala. Baba alisema ndiyo jeshi: unakula alichopanda mwenzako.

Mwaka 1991 alipelekwa kambi ya JKT ya Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Huko ndiko nilikouona mzabibu kwa mara ya kwanza. Ugogo ni nchi kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tena chache. Lakini zabibu huipenda nchi ya namna hiyo, na wamisionari wa Bihawana walikuwa wamekwisha kuzilima tangu miaka ya 1950. Baba aliomba vipando kwa jirani, akapanda 12 nyuma ya kota. Mzabibu si mchicha, ndugu zangu. Mwaka wa kwanza unatafuta mizizi na shina tu. Unauwekea nguzo na waya, unaungojea. Mwaka 1994, vishada vya kwanza vikiwa bado vibichi na vigumu kama mbaazi, barua ikaja. Baba alipita akiushika mzabibu mmoja mmoja. Siku hiyo hakusema lile neno lake la jeshi.

Mwaka uliofuata niliingia hapa Kidato cha Kwanza. Hapa ndipo mahali pa kwanza maishani mwangu nilipokaa miaka minne mfululizo. Wenzangu walilia kwa kukumbuka nyumbani. Mimi nilikuwa sijui nikumbuke wapi. Likizo moja nilishuka kwenye treni Tabora nikaambiwa wazazi wamekwisha kuhamia Mtwara, na barua ya kunijulisha tulipishana njiani. Nililala siku tatu kwa rafiki ya baba nikingoja nauli.

Divai niliionja mara ya kwanza nilipokuwa Chuo Kikuu, katika harusi ya rafiki. Ilikuwa Dompo, tamu kama sharubati. Baadaye nikapewa nyekundu isiyo na sukari, nikakunja uso nikidhani imeharibika. Mzee mmoja wa Kigogo tuliyefanya kazi pamoja ndiye aliyenifundisha kuinywa polepole na kuuliza imetoka wapi. Swali hilo lilinishika. Mimi nikiulizwa kwetu ni wapi huanza kutaja makambi. Divai hujibu mara moja. Zabibu ya Chenin Blanc asili yake ni Ufaransa, kwenye bonde la mto Loire. Ikahamia Afrika Kusini, na siku hizi inalimwa Dodoma. Imehama kama mimi, lakini kila mahali inashika ladha ya udongo wake.

Serikali ilipohamia Dodoma, nilipelekwa huko mwaka 2017. Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi nilinunua ekari mbili Hombolo, nikawaleta wazazi, ambao tangu baba astaafu walikuwa wakiishi nyumba ya kupanga.

Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Ni mkulima anayeupogoa, nao unaanza upya, kwa hiyo tunavuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba. Baba ndiye mpogoaji. Mikono yake siku hizi inatetemeka, lakini mkasi ukifika kwenye tawi inatulia. Ubwiri unga umetutesa, na mwaka mmoja wanunuzi hawakuja, zabibu zikaanza kuoza mitini. Tukauza mchuzi kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mama zetu. Baba hanywi. Amewaona askari wazuri walioishia kwenye chupa, na bilauri yangu moja ya jioni huitazama kwa makini. Zabibu zenyewe anazila.

Mavuno yetu ya kwanza yalikuwa Agosti 2020. Jioni ile mama alilivuta sanduku, akalifungua. Sahani mbili zilikuwa zimepasuka, hatujui katika safari ipi. Tulikulia zilizobaki.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Mwezi uliopita nililetewa barua: napandishwa cheo, na nahamishwa mkoa mwingine. Mwanangu mkubwa yuko darasa la sita; hajabadili shule hata mara moja. Nilimpa baba ile barua akaisoma yote, kisha akaikunja, akaniuliza tupogoe lini. Mpaka leo ninaposimama mbele yenu sijawajibu, si yeye wala ofisi.