Kichupa cha Manukato Kilichovaliwa kama Kidani

Wasikilizaji wangu, mwaka 1912 vibarua waliokuwa wakibomoa nyumba katika mtaa wa Cheapside, London, walifukua chini ya sakafu hazina ya mapambo na vito karibu 500, iliyofichwa humo katika karne ya 17. Kimojawapo ni kichupa cha manukato, cha dhahabu, kilichonakshiwa kwa rangi nyeupe na kupambwa kwa almasi na yakuti, nacho kina mkufu wa kukitungika.

Msidhani vitu vya namna hii vilikuwa urembo tu. Watu wa zamani zile waliamini kwamba tauni huletwa na hewa yenye uvundo. Basi mwenye mali alijiwekea harufu njema karibu na pua. Wengine walivaa kitufe cha fedha chenye matundu, na ndani yake ambari, ile ile ambayo bahari huitupa pwani kwetu. Maskini hakuwa na hili wala lile. Hata hivyo, tauni ya mwaka 1665 iliua London watu zaidi ya 68,000 walioandikwa, na ni mwaka 1898 tu tabibu Mfaransa, Paul-Louis Simond, alipoonyesha kwamba huenezwa na viroboto wa panya.

Aliyekificha kichupa kile hakurudi kukichukua.