Rafiki wa Kwanza: Kijana Myahudi, Mapenzi ya Jinsia Moja na Wajibu wa Shule

Kijana anayejikuta moyo wake umemwelekea mtu wa jinsia yake huumizwa zaidi na kupoteza marafiki kuliko na mapenzi yenyewe. Kwa hiyo urafiki wake ndio wa kulindwa kwanza na shule. Nimechukua mfano wa kijana Myahudi, na wapo watakaouona uko mbali na Lumakanda, hapa kwetu Lugari. Hauko mbali. Uwanda wa Uasin Gishu, jirani yetu wa mashariki, ndio ambao serikali ya Uingereza ilipendekeza mwaka 1903 Wayahudi wapewe wakae, bila kuwauliza wenyeji. Wachunguzi wakaja kuutazama, na Kongamano la Wazayuni likaukataa mwaka 1905. Jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi imekuwapo tangu 1904. Tena ukishika barabara ya Webuye na Bungoma, ukavuka mpaka Malaba, hutakawia kufika Mbale, kwa Abayudaya wa Uganda, walioingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 wakimfuata kiongozi wao, Semei Kakungulu.

Shule za Abayudaya hufundisha watoto wa Kiyahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Katika darasa kama hilo mtoto Myahudi anaanza maisha akiwa mmoja kati ya wachache. Sabato yake huingia Ijumaa jua linapotua, na kesho yake sheria ya dini haimruhusu hata kushika kalamu. Rafiki wa dini nyingine anayelijua hilo asimcheke, akamwachia daftari lake Jumapili anakili, humfungulia mlango wa darasa zima. Sasa chukulia kwamba kijana huyu, akiwa na miaka kumi na sita, anagundua kuwa anachokihisi kwa rafiki huyo kimezidi urafiki. Nyumbani, jumuiya ni ndogo, kila mtu anamjua kila mtu, na tangu alipotimiza miaka 13 akaitwa kusoma Torati amehesabiwa kuwa mtu mzima wa dini anayengojewa kuoa na kuzaa. Mapenzi ya kwanza humpa kila kijana wasiwasi, lakini wengine huwa na rafiki wa kumweleza. Kwa huyu, anayempenda na ambaye angemweleza ni mtu yule yule. Akinyamaza, analibeba peke yake. Akisema, huenda akampoteza wa pekee aliyekuwa anamwelewa.

Sheria imeongeza uzito huo. Sheria ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliyotiwa saini Mei 2023, iliweka adhabu kali, na katika kifungu cha 14 ikamtaka mtu anayejua au kushuku kosa hilo akatoe taarifa polisi. Maana yake rafiki aliyeaminiwa siri alitakiwa awe mpelelezi. Mahakama ya Katiba ilikitengua kifungu hicho tarehe 3 Aprili 2024, ingawa iliiacha sehemu kubwa ya sheria ikisimama. Kwetu Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu viliachwa na Mahakama Kuu vibaki kama vilivyo mwezi Mei 2019. Atakayesema nachochea uvunjaji wa sheria avisome: vinaadhibu matendo. Hakuna kifungu kinachomhukumu mtoto kwa kupenda, wala mwenzake kwa kuendelea kuketi naye. Ndiyo maana kauli ya Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, mwishoni mwa 2021, kwamba wanafunzi wanaopenda jinsia yao waondolewe shule za bweni, ilikwenda mbali kuliko sheria. Tena kauli hiyo inawajibu wanaodai kwamba jambo hili ni la kigeni, kwa sababu waziri alikuwa anawazungumzia watoto waliomo katika mabweni yetu, wenye majina yetu.

Pingamizi zito zaidi ni la Maandiko, nami silipuuzi katika eneo ambalo Marafiki, yaani Wakweka, na makanisa mengine yamelea vizazi. Walawi 18 inakataza tendo hilo, haifichiki. Lakini sura inayofuata inakataza kumchukia ndugu moyoni na kwenda huku na huku ukimchongea jirani. Wayahudi wenyewe, wenye kitabu hicho, wamebishana juu yake kwa uwazi: mwaka 2006 kamati ya sheria ya madhehebu ya Conservative, ambayo kiongozi wa Abayudaya, Rabi Gershom Sizomu, alisomea katika chuo chake, ilipitisha uamuzi ulioruhusu marabi wanaopenda jinsia yao, na siku hiyo hiyo ikapitisha mwingine uliokataa. Maamuzi yote mawili yakabaki halali ndani ya madhehebu hayo hayo. Mzazi wa Lumakanda anaweza kubaki na msimamo wa kanisa lake bila kumwondolea mtoto meza ya kulia chakula.

Kuna wanaohofia kwamba huruma italegeza nidhamu. Nidhamu ibaki, ila iwe moja. Barua ya mvulana kwa msichana ikikutwa ndani ya daftari la hesabu, mwalimu humwita mwandishi faraghani, humwonya, na mambo huishia hapo. Barua ya mvulana kwa mvulana husomwa paredi, mzazi huitwa, na kufikia jioni hakuna anayekubali kulala kitanda cha jirani naye. Kosa la shule ni moja, barua ni barua. Katiba ya Kenya, Ibara ya 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na haikuwatenga hawa. Mwalimu wa ushauri nasaha aitunze siri hiyo kama anavyozitunza nyingine, na mwalimu wa bweni amwache rafiki aliyebaki aendelee kubaki.