Mshauri wa Wanafunzi: Ni Nani, na Kazi Yake Nini?

Mwenye daftari alifungue, mwenye miwani aivae. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: chuo kikuu, bweni, mshauri. Someni pamoja naye, polepole. Nitangoja kidogo.

Haya, tuendelee. Wengi wenu mko Mwanza mjini, au Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe. Pengine unauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Pengine unalima pamba au mpunga. Wewe hukupata shule ulipokuwa mtoto, lakini mwanao, au mtoto wa ndugu yako, yuko chuo kikuu. Ng'ombe waliuzwa ili aende. Sasa nakuuliza: huko chuoni, mtoto akipatwa na shida usiku, ni nani atakayefungua mlango? Mwalimu wake? La. Mwalimu wa chuo kikuu huweza kufundisha mamia ya watu katika ukumbi mmoja, na jioni hurudi nyumbani kwake.

Yuko mtu mwingine. Kazi yake si kufundisha hesabu wala sheria. Kazi yake ni kuangalia maisha ya mwanafunzi nje ya darasa: anakolala, anachokula, afya yake, fedha zake, ugomvi wake na mwenzake wa chumbani, na majonzi yake akifiwa. Mtu huyu huitwa Mshauri wa Wanafunzi. Vyuo vingine humwita Mlezi wa Wanafunzi. Wanafunzi wenyewe hupenda jina la Kiingereza, nalo masikioni mwetu husikika kama "dini". Basi ukiambiwa "nenda kwa dini", usitafute kanisa wala msikiti.

Hafanyi kazi peke yake. Wako wasimamizi wa mabweni, ambao huitwa wadeni. Wako wanasihi, yaani watu waliosomea kumsikiliza mtu mwenye taabu moyoni. Wako wanaoshughulikia michezo, na katika vyuo vingi wako pia wanaoshughulikia mikopo.

Kazi hii ilianzaje? Zamani mkuu wa chuo alifanya yote mwenyewe. Huko Marekani, mwaka 1891, chuo cha Harvard kilimpa mwalimu mmoja, LeBaron Russell Briggs, kazi ya kushughulika na wanafunzi wenyewe. Wengi huianzia hapo historia ya kazi hii. Sababu ilikuwa nyepesi kuelewa: wanafunzi walikuwa wameongezeka.

Hapa kwetu yalitokea yale yale. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 25, 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake, wote wa sheria, hawakufika hata 15. Watu wachache hivyo hujuana kwa majina. Akikosekana mmoja mezani, wenzake watauliza. Leo chuo hicho kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na mtu anaweza kukosekana wiki nzima bila kuulizwa.

Tazama na hapa karibu. Chuo cha Nyegezi kilianzishwa mwaka 1960, wakati wa Askofu Joseph Blomjous. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Kiko Malimbe, kilometa 10 hivi kusini mwa mji, karibu na ziwa. Wanafunzi wengi hawalali bwenini. Hupanga vyumba kwa wenyeji. Huenda wewe unayenisikiliza ndiwe mwenye nyumba! Basi jua kwamba aliyepanga kwako ni mgeni hasa. Kijana wa Dodoma hajazoea ziwa. Akiona maji yametulia atavua shati aoge, wala hajui habari za kichocho. Kumwonya mgeni kama huyo ni sehemu ya kazi ya ushauri, lakini mwenye nyumba yuko karibu naye zaidi.

Sasa fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mwanafunzi akipata mkopo, hupewa na fedha za chakula na malazi, ambazo wenyewe huziita "bumu". Bumu likichelewa, kuna wanaolala na njaa. Aliyezoea kula kwa mama yake huona aibu kusema. Huacha kwanza chai, halafu chakula cha mchana, halafu darasa. Mshauri hodari huiona dalili hii mapema. Lakini macho yake hayawezi kufika kila chumba cha kupanga.

Iko na hatari nyingine, nayo nitaitaja bila kuficha. Mwalimu akimtaka binti kimwili ili ampe alama za mtihani, hiyo ni rushwa. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema hivyo. Binti anaweza kwenda kwa Mshauri, na anaweza kwenda TAKUKURU. Wewe mzazi, akikuambia jambo hili, usianze kwa kumuuliza alikuwa amevaa nini.

Mshauri pia husimama kati ya wanafunzi na wakuu wa chuo. Wanafunzi wana serikali yao, nayo humletea malalamiko. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kuupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, warudi makwao. Siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa baadaye. Sisemi mshauri mmoja angeweza kulizuia jambo kubwa kama lile. Lakini fikiri u mzazi wa mwaka ule, ukamwona mtoto mlangoni na sanduku lake, nawe hujui hata wa kumuuliza.

Huenda mmoja wenu atasema: "Mshauri huyo si ndiye anayewashtaki wanafunzi?" Swali zuri. Ni kweli, katika vyuo vingi ofisi hiyo hiyo hushughulika na nidhamu. Kwangu mimi hilo ni kosa la mpango: mtu hawezi kwa urahisi kumfungulia moyo yule atakayeketi kusikiliza kesi yake kesho. Mahali penye mnasihi wa peke yake, yafaa mwanafunzi aanzie kwake.

Jambo jingine huwakasirisha wazazi. Unakwenda chuoni, unauliza, "Mwanangu amefaulu? Anaumwa nini?" Unajibiwa kwamba ni siri yake. Usidhani umedharauliwa. Mwenye miaka 18 ni mtu mzima, na Mshauri akitoa siri ya mmoja, wengine hawatakwenda kwake tena. Yeye hawezi kukuambia kila kitu, lakini wewe unaweza kumwambia.

Hapa ndipo penye kazi yetu ya leo. Mwanafunzi akiumwa sana, akifiwa na mlipa ada, au binti akijifungua, anaweza kuomba kuahirisha masomo, arudi baadaye. Lazima aombe kwa maandishi, na chuo kikubali. Akiondoka kimya kimya huhesabiwa ameacha chuo, na nafasi yake inaweza kupotea. Wengi huondoka kimya. Simu hufaa kuita, lakini barua hukaa katika faili, na Mshauri anaweza kuibeba hadi kwenye kikao. Na barua sasa unaweza kuiandika.

Chukueni kalamu. Nitasoma mara mbili, polepole. Mahali pa jina, kila mtu aandike jina lake.

"Kwa Mshauri wa Wanafunzi. Salaam. Mimi ni mama wa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Baba yake amefariki mwezi huu. Mwanangu hajala vizuri na anataka kuacha masomo. Hajasema kwako kwa sababu ya haya. Naomba umwite, umsikilize, na umweleze namna ya kuahirisha. Nitakuja mwenyewe Jumatatu. Ahsante. Mimi,"

Mwalimu wa darasa akusanye madaftari, atazame herufi kubwa na nukta. Wiki ijayo tutajifunza kuandika anwani juu ya bahasha.