MAJI MEUPE SIYO LAZIMA YAWE SALAMA
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama)



Nimeombwa nieleze habari ya mlonge. Tangu mialo ya dhahabu ianze huko juu, mto wetu umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kuna maneno yanapita kwamba mbegu za mlonge zinatoa sumu yote ya machimbo. Nitasema zinachofanya, halafu zisichofanya. Hapo pa pili msisinzie.

Chukueni mbegu zilizokaukia mtini, menyeni, mtwange ile nyeupe mpaka iwe unga. Kwa ndoo ya lita 20 yenye tope jingi, mbegu 20 hivi. Tope likiwa la kiasi, 10 zatosha. Koroga unga katika kikombe cha maji safi, chuja kwa kitambaa, mimina ndooni. Koroga upesi dakika moja, kisha polepole dakika 5 hadi 10. Funika, uache saa moja au mbili bila kutikisa. Tope litashikana na kuzama. Wanawake wa Sudan kando ya Nile walisafisha maji hivyo kabla wataalamu hawajaja kupima. Teka ya juu, chemsha, uyamalize siku hiyo hiyo, maana yakilala yanaharibika. Tope la chini lifukieni mbali na kuku na mbuzi.

Sasa zebaki. Mchimbaji anaichanganya na mchanga ili inase dhahabu, kisha donge analichoma. Nyingine inakwenda na marudio mtoni, nyingine inapaa na moshi, inaingia vifuani mwa watu. Ile iliyogandamana na tope, mlonge waweza kuizamisha pamoja na tope. Iliyoyeyuka inabaki, wala huioni wala huionji. Kuchemsha siyo dawa yake. Mkaa wa jikoni nao hushika kidogo tu halafu hujaa, na hakuna wa kukwambia umejaa lini.

Tena huko chini ya tope vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki. Samaki mkubwa anayekula wenzake hubeba nyingi kuliko dagaa. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo.

Kwa hiyo mlonge ni wa tope. Maji ya kunywa, hasa ya wajawazito na watoto, tuyateke kisima kilicho mbali na mialo, hata kama ni mwendo.

Vitu vya asili vinafaa zaidi huko huko machimboni: bwawa la kutuliza marudio, matete ya kushika tope, mawe ya chokaa panapotoka maji ya rangi ya kutu, yaani yenye tindikali. Zebaki yenyewe isifike bwawani. Ichomwe ndani ya chombo kilichofungwa kinachoirudisha.

Wachimbaji wale ni watoto wetu, wengine wamo humu ndani. Naomba mkutano uchague leo watu wanne waende kuwaambia waondoe mialo kando ya mto kabla ya masika. Mbegu ziko kwa katibu. Sasa maswali.