Mlio Ndani ya Injini



Sisi wa Murungu, na wote tupandao milima kati ya Kibondo na Kasulu, twaujua mlio wa injini itatarikayo, huku lori limebeba magunia ya mihogo na abiria wamekaa juu yake. Wengi wetu hukimbilia dukani kununua dawa ya kuchanganya na oili. Tusiidharau dawa hiyo. Tapeti zinazosukumwa na oili zikiziba kwa uchafu, yaweza kuzisafisha, na mlio ukaisha kweli. Lakini ikiwa oili imepungua, au nafasi ya vali imepanuka, dawa nzito huufunika mlio tu, na chuma huendelea kulika. Ndiyo maana fundi mwaminifu huanza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili.

Ubaya huzidi pale tunapotia dawa asubuhi ili tumwuzie jirani gari mchana. Injini imenyamaza, jirani amenunua hasara, nasi tumemwibia.

Nabii Natani alipomkabili Daudi kwa ajili ya Uria, mfalme alikuwa na uwezo wa kumnyamazisha. Alisikiliza, akakiri, akasamehewa.

Basi, ndugu zangu, dhamiri inapogonga tusiimiminie maneno matamu. Tufungue, tutazame palipoharibika, tutengeneze. Na auzaye gari aseme kasoro yake kabla ya kupokea fedha.

Mungu atujalie masikio ya kusikia. Amina.