Maneno ya Mwenyewe na Maneno ya Kuarifiwa

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo la sarufi ya Kiingereza liwatatizalo wanafunzi wengi.

Mtu akisema, "I am ill," nasi twataka kuipeleka habari yake, njia ni mbili. Ya kwanza, kuyataja maneno yake yenyewe: He said, "I am ill." Ya pili, kuyaarifu: He said that he was ill. Tazameni, "I" imegeuka "he", na "am" imerudi nyuma ikawa "was", kwa kufuata "said". Katika Kiswahili nafsi hugeuka, bali wakati haurudi nyuma: alisema kwamba yu mgonjwa.

Lakini tujihadhari. Mkalimani barazani akisema, Ali told Juma that he had taken the money, ni nani aliyetwaa fedha? Neno "he" lawafaa wote wawili, na asiye na hatia aweza kufungwa. Ali alitamka "I" au "you"? Basi penye shaka, tuyataje maneno ya mwenyewe jinsi alivyoyasema. Kwani maneno ya mtu ni amana.