Hesabu pumzi ya mutoto mbele ya kukimbia farmasi



Leo hatutaongea juu ya barabara wala maji. Tunaongea juu ya wadogo wetu, na watoto wa wale kati yetu ambao ni wazazi tayari. Nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua sana watoto wa chini ya miaka 5, na inchi yetu iko kati ya zile zinazozika wengi.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa. Vikijaa maji na usaha, hewa haipite, mutoto anaanza kupumua mbio. Hiyo mbio inahesabika, na kila mumoja wetu iko na simu. Mutoto akitulia, halie, hanyonye, inua shati yake, weka dakika 1 na uhesabu kifua kinapanda mara ngapi. Chini ya miezi 2: mara 60 ao zaidi. Miezi 2 mpaka 11: 50 ao zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka 5: 40 ao zaidi. Ukipata hiyo, twende kwa munganga siku ileile. Na kama chini ya mbavu kunaingia ndani akivuta hewa, anakataa kunyonya, ao haamuke vizuri, ni hospitali, hata kama ni usiku.

Tunajua kinachofanyika kwetu. Mutoto anakohoa, wanasema ni kilimi, wanamupeleka kukatwa. Kilimi na mapafu, wapi na wapi? Anabaki na kidonda, na siku zinapita. Wengine wananunua amoxicilline vidonge vinne kwenye kona. Ni dawa nzuri ya nimonia, lakini inapimwa kwa kilo za mutoto na siku zote zinamalizwa. Bronkiolite ya watoto wadogo, yenye kuletwa na virusi, haisikie amoxicilline hata kidogo.

Chanjo ya pneumokoke iko kwetu tangu 2011, inatolewa kwa wiki 6, 10 na 14. Angalieni karatasi ya mutoto. Na mbabula itoke inje ya chumba anamolala.

Sasa wakubwa. Tulishachanga franka usiku ili mama mumoja aachiliwe na mutoto wake aliyepona, ju ya fakture. Hatutaki kuchanga tena. Wiki hii kila kundi la mutaa liende kwenye kituo chake cha afya na kuuliza: oksijeni iko? Amoxicilline ya watoto iko? Bei gani? Muandike majibu, mulete kwenye mukutano wa siku ya posho.